Alama ya Maji Jikoni kwa Noelene

Noelene Tilbrook wa nambari kumi na nne, Mtaa wa Lomandra, alikuwa na hasira za aina mbili. Za kwanza zilikuwa za kila siku: kumfokea mbwa wa jirani, kubishana na mtangazaji wa hali ya hewa redioni, kumwambia mleta barua kwamba anatembea kama anayehesabu mchwa. Hizo hazikumdhuru mtu. Za pili zilikuwa za halmashauri, na zilikuwa zimeshatimiza mwaka na nusu bila kupoa.

Na alikuwa na haki nazo, tusidanganyane. Nyuma ya mtaa huo hupita Kijito cha Brolga. Siku za kiangazi ni kijito cha kuvuka kwa hatua mbili, kina mikangaga na vitoroli vya supamaketi vilivyotupwa na walevi. Halmashauri hiyo hiyo ikaruhusu nyumba mia nne zijengwe kilimani, mahali palipokuwa malisho ya farasi. Paa mia nne, lami, saruji, na maji yote ya mvua yakaelekezwa kijitoni kwa bomba moja. Huku chini, kalvati la kupitisha maji chini ya barabara kuu likabaki lile lile la enzi za baba yake Noelene, matundu mawili tu, moja limejaa mchanga nusu yake. Kila mwaka Noelene alipiga simu kuomba lizibuliwe. Kila mwaka msichana mwenye sauti tamu alimwambia ombi lake limepokelewa. Noelene alikuwa akisema kwamba maombi yake yamepokelewa mara nyingi kuliko ya padri.

Halafu ikaja barua ya Mpango wa Kudhibiti Mafuriko. Mafuriko makubwa yakirudi, barua ilisema, maji yatafika sentimita arobaini juu ya sakafu ya jiko la Noelene, na sentimita sabini kwa jirani yake Beryl, ambaye kiwanja chake kiko chini kidogo. Kwa maji ya kiasi hicho kupanua kalvati ni kazi bure, na hata bwawa la kukinga maji kwenye uwanja wa kriketi halitafua dafu. Kilicho nafuu ni halmashauri kuzinunua nyumba tisa za upande wa kijito, kuzibomoa, na kuyaachia maji nafasi ya kutawanyika.

Noelene alizaliwa katika nyumba ile. Baba yake, Alf, aliijenga kwa mbao kwa mikono yake mwenyewe. Miaka thelathini na mmoja Noelene alipiga pasi mashuka ya hospitali, na kila jioni alipanda ngazi zile zile. Mumewe Kev alifia kwenye kiti cha barazani, redio ya kriketi ikiwa wazi. Sasa mtu ambaye hajawahi kukanyaga matope ya Lomandra anamwambia aondoke. Alizunguka nyumba kwa nyumba kukusanya sahihi. Alisimama kwenye vikao akawapa madiwani vidonge vyao mpaka mwenyekiti akamzimia kipaza sauti, naye akaendelea bila kipaza sauti.

Beryl Mackinlay wa nambari kumi na mbili hakuwa mtu wa ugomvi. Alikuwa na miaka sabini na tisa, mjane kama Noelene, na tangu mwaka 1976 walikuwa wakipeana sukari na maneno juu ya ua mmoja. Alipoisoma ile sentimita sabini, alichukua futi ya cherehani akaipima jikoni kwake. Ikamfika pajani. Toka siku hiyo usingizi ulimruka.

"Mimi sijui kuogelea, Noelene," alisema. "Na magoti haya yatanipandisha wapi?"

"Watu hawa ni waongo, Beryl. Usitie sahihi chochote."

"Wewe una nguvu za kugombana. Mimi sina. Nao wamepima, mwenzangu. Watu wa vyombo wale."

Waliokubali mapema waliahidiwa bei kamili. Beryl akatia sahihi mwezi wa Agosti. Oktoba likaja tingatinga, likaimaliza nyumba yote kwa asubuhi moja, pamoja na kabati za jiko alizozitengeneza marehemu mumewe Doug. Wakasawazisha ardhi, wakapanda nyasi. Beryl akahamia kwenye nyumba ya wazee, chumba cha ghorofa ya tatu kinachotazama maegesho ya magari. Kila Jumatano Noelene alikwenda kumtembelea, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaitukana halmashauri kwa niaba yake kuanzia saa nne hadi saa sita. Beryl alisikiliza, akatikisa kichwa, akamwambia anywe chai kabla haijapoa.

Kura ya madiwani ya kuzichukua nyumba nane zilizobaki ilipangwa Jumamosi ya katikati ya Machi. Jumanne yake akaja injinia wa mpango, Imogen Farrant, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mtu wa Melbourne, kule kusini kwenye baridi. Alikuja peke yake na faili chini ya kwapa, na hilo nampa sifa, maana wenzake wote walikuwa wakituma barua.

"Chai sikupi," Noelene alimwambia akiwa bado kwenye ngazi. "Usijisumbue kutazama birika."

"Sikuja kwa chai, Bibi Tilbrook."

"Afadhali. Kaa. Au simama, kiti ni changu hadi Jumamosi lakini miguu ni yako."

Imogen alikaa. Akafungua faili kwenye meza ya jikoni, akaanza kueleza hatua zitakazofuata baada ya kura. Noelene alimkatiza.

"Hatua nazijua. Mtaleta hundi, kisha mtaleta tingatinga. Mimi nataka jambo moja. Hiyo arobaini mliitoa wapi? Nimewaandikia mara sita. Mwaka 2022 gari langu lilizama pale chini mpaka kwenye usukani, na humu jikoni sikupangusa hata tone. Mwaka 2011 hivyo hivyo. Mliiota?"

"Hatukuyatumia hayo. Tulitumia ya 1974, ndiyo makubwa zaidi."

"Na nani aliyewaambia ya 1974 yalifika wapi? Mwaka huo halmashauri haikuleta huku hata rula. Wote mlikuwa mjini mnaokoa mabenki."

Imogen akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Wewe, Bibi Tilbrook."

Akatoa picha kwenye faili. Ilikuwa picha ya mwimo wa mlango wa jiko, ule ule uliokuwa nyuma ya bega lake, na kando yake fimbo ya kupimia yenye rangi nyekundu na nyeupe. Juu ya mbao ulionekana mstari wa penseli na mwandiko wa Alf: Maji, Januari 1974.

Noelene akakumbuka. Miaka mitatu nyuma walikuja wapima ardhi wawili, vijana wapole, wamelowa jasho. Aliwaandalia chai na keki ya nazi. Akawaonyesha alama ya baba yake mwenyewe, kwa fahari, akiwasimulia jinsi Alf alivyosimama jikoni maji yakimfika magotini, akatoa penseli sikioni akaandika. Wale vijana walifurahi sana. Walipima mara mbili.

"Ni kipimo bora kuliko vyote tulivyopata kwenye kijito kizima," Imogen alisema. "Watu wengine walikuwa wanakisia. Wewe ulikuwa na mstari. Mpango wote tuliujenga juu yake."

Noelene aliitazama picha, akautazama mwimo. Akavuta kiti, akakaa.

"Mliupima hapa ulipo leo," alisema.

"Ndiyo. Kwa usahihi kabisa."

"Hamkuuliza mlango huu ulikuwa wapi mwaka huo?"

"Mlango ungekuwa wapi, Bibi Tilbrook?"

Hapo ndipo palipokuwa na kosa, na ni kosa la watu wa huku na si la mtu mwingine. Kule atokako Imogen, nyumba ikishakaa imekaa. Huku kwetu nyumba za mbao husimama juu ya nguzo, na mtu akichoshwa na maji, au akitaka pa kuegesha gari, huita watu wenye jeki wakainyanyua nyumba nzima, sahani zikiwa kabatini, wakaiwekea nguzo ndefu zaidi. Mtaa wa Lomandra hakuna nyumba ambayo haijapandishwa. Watu hawalisemi, kama wasivyosema kwamba wamevaa viatu. Ya Noelene ilipandishwa mwaka 1988, Kev na Doug wa Beryl wakizungusha jeki nguzo kwa nguzo kwa siku nne, bia kwenye ndoo ya barafu. Ilipanda mita moja na nusu. Mlango ukapanda, mwimo ukapanda, na mstari wa Alf ukapanda nao.

Noelene alimshika injinia mkono, akamshusha ngazi mpaka chini ya nyumba, kando ya gari. Akaipiga nguzo kwa kiganja, usawa wa kifua chake.

"Hapa," alisema. "Maji yalifika hapa. Jiko lilikuwa huku chini, wewe. Jiko lilikuwa hapa tunaposimama."

 Imogen alitazama juu kwenye mbao za sakafu, akatazama nguzo, akatoa simu akaanza kupiga hesabu. Midomo ilimpauka.

"Sikuuliza," alisema mwishowe.

"Na mimi sikusema."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Noelene alikwenda mbali zaidi: alikikaribisha ndani, akakipa na keki. Mwaka na nusu alikuwa akidai kichwa cha aliyetoa namba ile, kumbe namba aliitoa yeye, kwa sababu alikuwa mzee mwenye fahari na alama ya baba yake, na kwa sababu kwa mara ya kwanza maishani mtu wa halmashauri alimsikiliza.

"Kwa kipimo hiki kila kitu kinabadilika," Imogen alisema, bado anatazama simu. "Kalvati likipanuliwa, na bwawa likichimbwa uwanjani, maji hayagusi nyumba hata moja. Sikiliza. Nitaiondoa kura kwenye ajenda. Nitaandika kwamba takwimu mpya zimepatikana. Nyumba yako haiendi popote. Na hakuna haja ya wewe kueleza chochote kwa mtu yeyote."

"Na Beryl?"

Imogen alisita. "Bibi Mackinlay aliuza kwa hiari yake."

Noelene amewahi kutukana watu wengi, lakini alichomwambia mwanamke yule chini ya nyumba sitakirudia hapa. Alimwambia kwamba hiari ya mtu anayeogopa kufa maji kitandani si hiari. Alimwambia kwamba mtu aliyesoma mpaka chuo kikuu akashindwa kuuliza swali moja la mtoto mdogo, arudi shule. Alimwambia atoke. Imogen alitoka, akaliacha faili kule juu, mezani jikoni.

Noelene akakaa kwenye ngazi. Sasa kasirika, alijiambia, kasirika vizuri. Lakini hasira haikuja, kilichokuja kilikuwa aibu, maana kabla hajauliza habari za Beryl, kwa muda wa pumzi moja, lile pendekezo la kunyamaza lilikuwa limempendeza. Alikuwa ameshajiona barazani, nyumba imebaki, na Beryl hajui kitu. Aliichukia nafsi yake kuliko alivyowahi kumchukia diwani.

Jumatano hiyo hakwenda kwa Beryl. Alipiga simu akasema ana mafua.

"Pole," Beryl alisema. "Pumzika upate sauti. Jumamosi nakuja mwenyewe kwa teksi nikakusikie ukiwanyoa."

Jumamosi asubuhi ukumbi wa klabu ulijaa. Nje walichoma soseji, watu wakala na mkate na vitunguu wakiwa wamesimama, kama kawaida ya mikutano ya huku, ambapo hata ukija kunyang'anywa nyumba lazima kwanza upewe soseji. Beryl alikaa mstari wa mbele kwenye blauzi yake ya buluu, mkoba magotini. Alimpungia Noelene mkono na kumwekea kiti. Noelene hakwenda. Alisimama nyuma, karibu na mlango.

Diwani Glen Staddon, mtu wa tabasamu pana na viatu visivyojua matope, alishika kipaza sauti. Alisema halmashauri husikiliza wananchi wake. Alisema takwimu mpya zimepatikana, na kwa hiyo nyumba nane zilizobaki hazitaguswa: kalvati litapanuliwa na bwawa litachimbwa. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Watu walikumbatiana. Mtu mmoja alimpiga Noelene mgongoni akamwambia ushindi ni wake. Imogen Farrant alikuwa amekaa pembeni, macho sakafuni.

Beryl naye alipiga makofi. Aliwapigia wengine makofi, yule mama, akitabasamu, na nyumba yake ni nyasi.

Noelene akakata katikati ya viti mpaka mbele.

"Hizo takwimu mpya," alisema, "muulizeni zimetoka wapi."

"Bibi Tilbrook," diwani alisema, "leo ni siku ya furaha, hebu..."

"Kaa chini, Glen. Kalvati lako limeziba tangu ulipokuwa unavaa kaptura. Zamu yako itafika." Akawageukia watu, lakini macho yake yalimtafuta mmoja tu. "Ile namba ya mafuriko ilitoka kwangu. Niliwaonyesha wapima ardhi mstari wa baba yangu wa mwaka 1974. Mstari uko kwenye mwimo wa mlango. Nyumba tuliipandisha mita moja na nusu mwaka 1988, nusu yenu mlikuwepo. Mimi sikuwaambia. Wao hawakuniuliza. Jumanne hii ndipo tulipoligundua kosa. Namba ilikuwa ya uongo, na ni kwa namba hiyo Beryl aliuza."

 Mafuta ya soseji yalisikika yakichemka nje.

"Hakuna anayekulaumu," diwani alisema.

"Sikukuomba unisamehe wewe," Noelene alisema.

Beryl alikuwa amekaa vile vile, mikono juu ya mkoba. Baada ya muda alisimama, kwa taabu, magoti yakimsumbua, akatoka nje bila kumtazama mtu. Noelene akamfuata. Alimkuta karibu na lango.

"Beryl."

"Una gari?"

"Ninalo."

"Nipeleke nyumbani."

Noelene alielewa ni nyumbani kupi. Si mbali, dakika tano.  Alisimamisha gari mbele ya nyasi za nambari kumi na mbili, akamshika Beryl mkono kumsaidia kushuka, na Beryl akauondoa mkono wake. Akatembea juu ya nyasi taratibu, akihesabu kwa midomo hatua za kutoka barabarani, ngazi ambayo haipo, baraza ambayo haipo. Akasimama.

"Hapa palikuwa na sinki," alisema.

"Beryl, mimi..."

"Usiniambie pole. Na usianze na halmashauri. Miezi yote hii umekuja kunikalia kitandani kuitukana halmashauri, na mimi nikakuacha, kwa sababu niliona wewe ndiye unaumia. Nilikuwa nakuliwaza wewe. Mimi ndiye niliyebomolewa nyumba, na nilikuwa nakuliwaza wewe." Sauti yake haikupanda. "Doug wangu alizungusha jeki za nyumba yako siku nne. Mgongo wake haukupona tena. Unawaonyesha watu mlango ule, unawapa keki, na hukumbuki?"

Noelene aligeuka akaitazama nyumba yake pale kando, juu ya nguzo zake ndefu. 

"Na mimi mjinga," Beryl alisema. "Miaka arobaini na minane hapa. Mafuriko mangapi, na jikoni kwangu hayakuingia hata ya kulowesha zulia. Nilijua. Nilisimama hapa hapa na futi yangu, nikajua haiwezekani, nikasema wao wamepima, watu wa vyombo wanajua zaidi yangu. Hilo ni langu, nitalibeba. Lako libebe wewe."

"Nitalibeba."

"Jumanne ulilijua."

"Ndiyo."

"Jumatano ukanipigia simu ya mafua."

Noelene alitazama chini. Nyasi zilikuwa zimekatwa vizuri. Halmashauri ilikuwa ikizikata kila wiki mbili bila kukosa.

"Jumatano ijayo usije," Beryl alisema.

"Mpaka lini?"

"Sijui. Nitakuita. Au sitakuita." Alisimama kidogo zaidi, akitazama upande wa kijito kutoka mahali palipokuwa na dirisha lake. "Sasa nirudishe, miguu inaniuma."

Noelene alimrudisha. Aliendesha polepole njia nzima, akamfungulia mlango wa gari mbele ya nyumba ya wazee, na mara hii Beryl alilazimika kushika mkono wake ili ashuke, akaushika, akauachia alipofika kwenye kizingiti. Noelene aligeuza gari akarudi zake Mtaa wa Lomandra. Akaegesha chini ya nyumba yake, akapanda ngazi, akafungua mlango, akaingia jikoni kwake.